Mbuzi Aliyeliwa Nyumba Ikiwa Haina Abesi

Mimi nililelewa na mwanamke ambaye cheo chake kilitoka kwenye neno baba, na mtu asinicheke. Masera mmoja mzee wa nyumba ya watawa nilikokulia, aliyesoma Ulaya katika ujana wake, ndiye alinieleza siku moja tukikata hostia. Alisema Wafaransa wanasema abbesse, Wahispania abadesa, Waitaliano badessa, na wote wamechota fasi moja, kisima kimoja: abba, yaani baba, vile Yesu alivyomwita Mungu. Walichukua neno la wanaume, wakalivalisha sketi, wakampa mwanamke anayewaongoza watawa wenzake. Sisi tulisema abesi. Wamama wa soko la Butembo, ambao hawana wakati wa mambo hayo, walisema Mukubwa wa Masera, yakaisha.

Nilimjibu yule mzee kwamba kwetu hilo si ajabu. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Kwenye kikao cha ukoo anakaa upande wa wababa, na akikunja uso, wanaume wenye mvi wanashusha sauti. Masera alicheka mpaka akavunja hostia nzima mkononi. Akasema kumbe hawa Wazungu walitumia karne nyingi kufika mahali ambapo bibi zetu walikuwa wameketi zamani.

Shangazi yangu mwenyewe ndiye alinileta pale. Mama alikufa nikiwa mdogo. Baba alikuwa mkulima upande wa Mbau, na vita vilipoanza kupita kwenye barabara ile, vilimkuta shambani, vikamwacha hapo hapo. Shangazi alikuwa na nyumba ndogo Beni na watoto wengi kuliko vitanda. Alinipandisha lori, tukaja Butembo, akapiga kwenye mlango wa watawa, akamwambia abesi wa wakati ule maneno haya, na mimi nikiwa nimesimama katikati yao na kifurushi changu: "Mutoto huyu sasa iko wenu. Mufanye sawa mulimuzaa." Abesi akasema ndiyo. Shangazi alikunywa chai, akalia kidogo, akarudi. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Tangu siku hiyo ile nyumba ndiyo ilikuwa baba yangu. Sikuvaa shela ya kitawa na hakuna aliyenisukuma kuivaa. Nilifanya kazi kwenye tanuri. Watawa wetu walikuwa wa wale wasiotoka, kumi na wawili kwa jumla, wakisali mara saba kwa siku na kuishi kwa mikate, hostia na bustani. Wageni waliwaona kwenye chumba chenye vyuma katikati, masera upande huu, mgeni upande ule. Mmoja tu ndiye alizungumza na dunia kila siku: masera wa mlango. Alikuwa mfupi, mwenye miguu mipana ya mtu aliyezaliwa kwenye mlima, na aliongea jamani! Alijua ndoo ya nani imeibiwa, bei ya chumvi, na nani amegombana na mkwe. Aliniita "mufungwa mwenzangu," kwa sababu mimi pia nilikaa dirishani, nikiuza mikate.

Ni pale dirishani komanda aliponiona.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Waasi wenyewe walikuwa wanagawanyika kila mara, leo mkubwa ni huyu, kesho ni yule, na sisi watu wa kawaida tulijifunza kusalimia wote kwa sauti moja. Huyu komanda alikuwa mtoto wa huku huku, wa milima ya Lubero, anayejua desturi zetu tangu tumboni. Kila asubuhi alikuja mwenyewe kununua mkate mmoja, mtu mwenye basoda, askari wake, wa kumtumikia. Siku moja aliniambia kwamba nitakuwa mke wake. Nikamwambia mkate ni wa moto, aangalie asiungue. Nilifikiri nimemweza. Maneno ya basoda nilikuwa nimeyasikia mengi, yanapita kama vumbi la lori, na sikumwambia mtu yeyote. Hilo kosa ni langu na ninalibeba.

Mji wote ulijua tayari ana wanawake wawili aliowachukua kwenye vizuizi vya barabara bila kuuliza mtu. Kwangu alitaka jambo lingine. Alitaka mke wa kanisa, mwenye shela nyeupe, wa kumwonyesha mama yake. Angekuja na bunduki peke yake tungemwita mwizi, na mwizi tunajua namna ya kumlaani. Huyu alikuja na mbuzi.

Sasa lazima nieleze jambo la ndani ya nyumba, maana bila hilo hamtaelewa. Abesi hakai milele. Kwetu alikaa miaka sita. Siku muhula wake unapoisha, anaingia kanisani mbele ya wenzake wote, anaweka funguo na msalaba wa kifuani juu ya altare, halafu anakwenda kukaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, chini hata ya yule aliyeingia jana. Kutoka dakika hiyo mpaka mwingine achaguliwe, nyumba haina kichwa. Hakuna anayetia sahihi. Hakuna anayepokelewa wala kufukuzwa. Hakuna kinachouzwa. Wanapika, wanasali, wanangoja padri anayetumwa na askofu kuja kusimamia kura. Kwa kawaida ni kungoja siku moja tu, mbili zikizidi.

Abesi aliyenipokea aliweka funguo zake siku ya Jumatatu. Nilimwona mchana huo huo ameketi jikoni akimenya viazi kati ya vijana, na nikaona haya kumtazama. Yeye aliniambia nisimame vizuri nisije nikamwaga maji. Alionekana mtu aliyetua mzigo.

Wakristo wa mji walijua siku hizo, na kila mara walileta kitu cha sherehe ya abesi mpya: maharage, ndizi, kuku, mwenye nguvu alileta mbuzi. Kwa hiyo basoda wawili walipofika mlangoni na mbuzi watatu kwenye kamba, wakasema ni wa furaha ya nyumba, masera wa mlango aliwashukuru, akawabariki, akafungua. Waliondoka haraka. Yeye alifurahi, akasema kumbe hata kwenye jeshi kuna mioyo.

Lakini mmoja kati ya wale mbuzi alikuwa jike mwenye mimba. Mtu wa huku anajua. Mbuzi wa kuliwa karamuni ni dume, tena aliyehasiwa. Jike mwenye mimba hachinjwi, anapelekwa kwa baba wa binti ili azae kwenye zizi lake. Masera wa mlango ni binti wa mfugaji, na alimpapasa tumbo yule jike kwa mikono yake. Mimi ni binti wa mkulima, na nilimpa majani. Wote wawili tuliona, na hakuna aliyeona. Tulikuwa na furaha ya sherehe kichwani, ndiyo hivyo.

Padri alikuwa amekwenda Beni na alitazamiwa Jumanne jioni. Jumanne mchana dume moja likachinjwa ili akute nyama. Padri hakufika. Jeshi moja lilikuwa limeamka vibaya dhidi ya lingine, na barabara ya Beni ikafungwa. Nyama haingoji barabara. Tulikula, tena kwa ugali wa fufu na sombe ya majani ya muhogo, na mimi nililamba vidole vyote kumi. Nataka mjue hilo. Nilikula mahari yangu mwenyewe na nikaomba mchuzi tena.

Jumatano komanda alifika na mjomba wake, amevaa suruali iliyopigwa pasi na marashi yaliyotangulia mbele yake. Alikuja kuuliza siku ya ndoa. Masera wa mlango, kwa upande wake wa vyuma, alidhani amekosea nyumba. Ndipo mjomba akaeleza taratibu, kwa heshima yote, kwamba mbuzi walifika Jumatatu, walipokelewa kwa mikono miwili, na moshi wa nyama ulionekana Jumanne kutoka barabarani. Kwa hiyo jibu wamelipata.

Kwetu ni hivyo. Mbuzi wa uchumba wanafungwa nje ya nyumba ya binti, na hakuna anayewagusa mpaka maneno yaishe. Wakiliwa, binti ameolewa. Hata mtu akilia baadaye, watamwuliza nyama ilipita wapi.

Komanda akasema anataka kuongea na Mukubwa. Akajibiwa hayuko. Akauliza amekwenda wapi. Akajibiwa, na ilikuwa kweli tupu, kwamba yuko jikoni anamenya viazi, lakini si Mukubwa tena, na mwingine hajapatikana. Komanda akatazama mjomba, mjomba akatazama dari.

"Muko nacheka mimi?" akasema. "Mulikula mbuzi yangu. Nani alikubali?"

Masera wa mlango alimwambia kwamba siku ile mbuzi walipoingia, na siku ile mmoja alipochinjwa, na hata leo, hapana mtu katika nyumba hii mwenye ruhusa ya kukubali kitu chochote, hata gunia la chumvi. Komanda alifikiri kidogo, halafu akacheka. Alikuwa na meno mazuri, mjinga yule. Akasema vizuri, wachague basi. Atarudi Jumapili baada ya misa na mama yake na ukoo wake, na huyo Mukubwa mpya atamkabidhi mke wake. Au atamrudishia mbuzi wake, yule yule aliyeliwa, akiwa anatembea. Akaacha basoda mlangoni, asitoke mtu.

Alasiri ile watawa walikutana kwenye chumba chao cha mkutano, na waliniita mimi nisimame kati yao kwa kuwa jambo ni langu. Masera wa mlango alipiga magoti akaomba msamaha, na hakuna aliyejua nani wa kumsamehe, kwa sababu kazi hiyo ni ya abesi. Halafu masera mwenye ghala akasema kile ambacho wengine walikuwa wanameza. Alisema yule mtu aliwahi kuchoma nyumba kwa jambo dogo kuliko hili. Alisema tuko kumi na wawili humu, na yeye ni mmoja. Alinitazama aliposema yeye, na sitaki kudanganya, nilimchukia. Nilitamani unga wa ghala lake uingie funza wote. Nikawaambia waache, nitaruka ukuta wa bustani, nishuke kwa njia za mashambani mpaka Mabalako, kutoka huko nitafika Beni kwa shangazi.

Aliyekuwa abesi alikaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, na kwa desturi yao aliye mwisho ndiye huongea mwisho. Alingoja zamu yake kama mtoto wa shule. Zamu ilipofika, alinitazama mimi peke yangu.

"Ukikimbia, utakuwa muke wake kila fasi atakukuta," alisema. "Ukikatala mbele ya batu, ni yeye atakuwa mutu mwenye alikataliwa."

Halafu akawaeleza wenzake kile ambacho hofu ilikuwa imetusahaulisha. Kabla mbuzi hajaguswa, baba wa binti humwita binti mbele ya pande zote mbili, akamwuliza kwa sauti kama ale. Binti akinyamaza au akisema ndiyo, kisu kinatolewa. Akisema hapana, mbuzi wanafunguliwa na kurudi. Mimi hapana mtu aliyeniuliza. Komanda anajua desturi vizuri sana, amechukua kipande kinachomfaa na kuacha kingine njiani. Kwa hiyo, alisema, mtoto huyu anahitaji baba wa kumwuliza, na anamhitaji kabla ya Jumapili.

Mwenye ghala akasema uchaguzi bila padri wa askofu si uchaguzi. Abesi wa zamani akamjibu kwamba basi askofu atatugombeza, na sisi tutakuwa hai, tukimsikiliza.

Walipiga kura Ijumaa asubuhi. Walikata vikaratasi kutoka kwenye mfuko wa unga, wakavikunja, wakavitia kwenye bakuli la hostia. Mimi nilikuwa kwenye tanuri na niliambiwa baadaye. Kura nane zilimwangukia masera wa mlango. Alisema wamerukwa na akili. Alisema yeye ndiye aliyeleta aibu nyumbani, ana miaka mitatu tu ya shule, na Kilatini chake ni cha kufuata wengine. Hawakumsikiliza. Wenzake wote waliishi nyuma ya vyuma na sauti zao zilikuwa zimezoea kuimba tu, na yeye alikuwa amegombana na dunia kila siku kwa miaka ishirini. Yule abesi wa zamani ndiye alikuwa wa kwanza kupiga magoti mbele yake na kutia mikono yake ndani ya mikono ya huyu mpya. Msalaba ulipowekwa kifuani mwake, ulifika karibu na tumbo, alivyokuwa mfupi. Kazi yake ya kwanza ya uabesi ilikuwa kujisamehe mwenyewe, na alisema hiyo ilimshinda zaidi ya zote.

Jumapili walikuja. Komanda, mjomba, wazee watatu, basoda, kreti za bia, na mama yake, mwanamke mkubwa mwenye kitenge kipya, aliyetazama kila kitu kwa makini kama mtu anayenunua shamba. Abesi wetu hakuwapokea kwenye vyuma. Alifungua mlango mkubwa, ule ambao watawa wa namna yao hawaupiti, akatoka. Akaketi kwenye kiti nje, kwenye kiwanja, saa ile ile watu wa misa ya pili ya parokia walipokuwa wanamwagika barabarani. Wote walisimama. Nani angekwenda nyumbani? Watawa wengine walijipanga nyuma yake, mmoja mmoja, kwenye jua ambalo baadhi yao hawakuwa wamelisimamia kwa miaka. Upande wa pili walifungwa mbuzi wawili, dume na jike.

Mjomba alianza hotuba. Abesi alimwacha aseme asante na salamu, halafu akamkata. Alisema mimi nilikabidhiwa kwa nyumba hii na shangazi yangu, mbele ya mashahidi, na kwa hiyo baba yangu ni anayeketi kwenye kiti hiki. Mtu mmoja kwenye umati alicheka. Abesi alimwambia anyamaze au aje akalie kiti yeye.

Kisha akaniita. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kazi, yenye unga, kwa kupenda kwangu.

"Mwana wangu," alisema, na sauti yake ilifika mpaka barabarani, "mbuzi ya hawa batu, tukule?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi usiku ule wote. Yote yalikimbia. Nilimwona komanda akinitazama na tabasamu lake, mkono umelala kwenye mkanda ambapo bastola ilikuwa, bila kuigusa, kunikumbusha tu. Hapo hasira ilinipanda mpaka masikio yakafunga. Mtu ameua, amechukua, amechoma, sasa anataka na mimi niseme asante!

"Hapana," nikasema. "Na ile tulikula, tulikula bila kuulizwa. Mimi hapana nyama, mimi ni mutu."

Umati ulivuta pumzi, kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, mmoja tu, akakikata katikati kwa hofu. Komanda alisimama. Alisema vizuri, basi arudishiwe mbuzi wake wote watatu. Abesi akafungua mikono. Alisema wawili hawa hapa, na mmoja tumemkosea, hatuna la kujitetea. Akageuka nyuma. Masera mwenye ghala, yule yule, alikuja kutoka bustanini akimvuta ng'ombe wetu kwa kamba. Ng'ombe mmoja tu tuliyekuwa naye, wa maziwa. Nilikuja kujua kwamba lilikuwa wazo lake mwenyewe. Alimkabidhi mjomba kamba, machozi yakishuka kwenye kidevu, na mimi nikaondoa laana yangu ya funza.

Komanda alifungua mdomo. Lakini mama yake alikuwa amekwisha simama. Alikunja kitenge chake vizuri kiunoni, akamwambia mwanawe kwamba wamesikia, na kwamba mtu aliyelipwa ng'ombe kwa mbuzi asiongeze neno mbele ya watu. Akaondoka. Wazee wakamfuata. Mwanamume anaweza kuua watu, lakini kumpita mama yake barabarani, kwetu hiyo ni ngumu. Walichukua ng'ombe, wakachukua mbuzi, wakachukua na bia yao. Tulikunywa chai kavu, bila maziwa, tangu siku hiyo, na sijawahi kunywa chai tamu hivyo.

Jumanne basoda walikuja kumchukua abesi. Sababu waliyoandika ni kwamba alificha adui. Walimpeleka Beni, wakamfunga, na ilipita zaidi ya mwezi. Sisi tulisali na kupeleka mikate ambayo sijui nani aliila. Wakati huo barabara ilikuwa imefunguka kidogo, na padri wa askofu akafika mwishowe. Aliposikiliza yote, alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa mtu mwema, sisemi vibaya juu yake. Alisema uchaguzi ule haukuwa halali: hakukuwa na msimamizi, hakukuwa na hati. Wakapiga kura upya, wakapata abesi mwingine, mtulivu, aliyefaa. Kwenye kitabu cha nyumba waliandika kutoka abesi wa zamani moja kwa moja hadi huyo mpya, na katikati hawakuweka mtu.

Yeye, masera wa mlango, alirudi siku ya mvua, juu ya lori la mbao, miguu imevimba mpaka viatu vimepasuliwa kwa kisu. Walimwambia habari ya kitabu. Akasema sawa, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho, na kesho yake akaomba kazi yake ya mlango. Waliyomfanyia Beni hakuyasema. Aliongea kama zamani, chumvi, ndoo, wakwe, ila aliongea ameketi, kwa sababu kusimama hakuweza tena. Nilimkasirikia kwa ile sawa yake. Mimi ningepindua meza. Aliniambia nina kichwa kigumu, na kwamba anaona raha kuona kitu alicholipia ng'ombe kikiwa bado kigumu.

Komanda alihamishwa na vita, kama wote. Mimi niliolewa baadaye na fundi seremala niliyemchagua, na shangazi alikuja kutoka Beni kula mbuzi, na niliulizwa, na nilisema ndiyo kwa sauti iliyowachekesha watu. Yule masera aliishi miaka mingi, akafa mlangoni pake, ameketi. Walimzika kwenye bustani pamoja na wenzake. Maabesi wana neno abbesse kwenye msalaba wao wa saruji. Wake uliandikwa sœur, masera, kama wa wengine.

Niliuacha hivyo. Nilijiambia yeye mwenyewe alisema sawa, mimi ni nani.

Halafu mwaka mmoja, kwenye harusi ya jirani, nilimkuta komanda. Sasa ni mheshimiwa, tumbo mbele, kiti cha mbele. Alinitambua. Alisimulia meza yote habari ya mbuzi, wakacheka, na akaongeza kwamba alikuja kuulizia kwa mapadri: yule mama hakuwa abesi, uchaguzi ulifutwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza lile swali. Kwa hiyo jibu langu halikuwa jibu. Kwa hiyo, alisema, akiinua glasi kunielekea, mbele ya mume wangu, mbuzi ililiwa na mimi ni muke wake mpaka leo.

Meza ilicheka tena. Mimi sikucheka. Kama yule mwanamke hakuwa abesi, basi siku ile kiwanjani hapakuwa na baba yeyote kwenye kile kiti, na mimi nilikuwa msichana mwenye unga anayepiga kelele barabarani. Nilikuwa pale. Kulikuwa na baba. Alikuwa mfupi, na msalaba ulimfika tumboni.

Niliondoka kabla ya wali. Kesho yake nilinunua rangi nyeusi na brashi ndogo, nikapita kwenye mlango wa watawa, nikamwambia masera kijana aliyeko sasa kwamba ninakwenda kusalimia wafu. Niliandika ABBESSE chini ya jina lake, herufi kubwa, polepole, ulimi ukitoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mvua za pale ni kali, na pia nimesikia kuna mtu aliyeombwa kusugua. Nimekwisha kuliandika mara nne. Kopo la rangi liko chini ya kitanda changu, na bado ni zito.